Sura ya Tano ya Kitabu cha Nne

Kitabu cha nne kilifika Garissa Jumanne asubuhi, katoni mbili juu ya lori la vitunguu. Ebla alizipokea mlangoni pa duka lake, akakata mkanda kwa kisu na kuanza kupangusa vumbi kwenye majalada. Iftin alikuwa juu ya paa akikaza waya wa sola. Picha yake ilikuwa kwenye kila jalada, ila safari hii alichorwa akiwa mtoto mdogo, na Ebla aliinua nakala moja ili amwonyeshe. Iftin aliitazama kidogo, akasema wamempa pua ndefu mno, kisha akaendelea na waya wake.

Iftin ndiye nahodha wa Visima vya Angani, mfululizo wa riwaya za kisayansi ambazo huandikwa na Mwalimu Salah, anayefundisha fizikia kule Hadado. Humo wafugaji hupeleka ngamia kunywa maji kwenye miezi ya mbali, na mara nyingi hupigana na watu wa sayari jirani kwa sababu ya visima. Mwisho wa kitabu cha pili Salah alimwacha Iftin akianguka kutoka angani. Mchapishaji akachelewesha kitabu cha tatu, na kwa kuwa mtu hawezi kuanguka miezi kumi bila kufika chini, Iftin alifika chini nyuma ya soko la mifugo, yeye na ngamia wake mwenye nundu tatu. Daktari wa mifugo alimpima yule ngamia, akasema nundu hazina neno, ila ana minyoo. Iftin alipanga chumba nyuma ya duka la Ebla, akawa fundi wa pampu za maji. Kitabu cha tatu kilipotoka kilieleza jinsi alivyorudi angani, lakini wakati huo alikuwa na wateja wengi na hakuona haja ya kuondoka.

Wasomaji wa Visima vya Angani walikutana dukani kwa Ebla kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri. Nyumbani wote walizungumza Kisomali, ila kwenye kikao walibishana kwa Kiswahili, kwa heshima ya vitabu vyenyewe. Mwenyekiti wao alikuwa Abdihafid, karani mstaafu mwenye ndevu za hina, ambaye siku nyingine alikaa na wazee wanaowahoji vijana kabla hawajapewa kitambulisho. Kwa sababu hiyo ya pili, Ebla alimwekea kiti chenye mto na chai ya maziwa ya ngamia.

Ebla alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na hakuwa na kitambulisho. Alipokuwa mtoto, ukame ulimaliza ng'ombe wote wa baba yake huko Sangailu, na mama yake akambeba mpaka kambi ya wakimbizi. Alimfundisha njiani aseme wametoka kijiji fulani ng'ambo ya mpaka. Walifanya hivyo watu wengi, kwa kuwa kambini kulikuwa na unga na kwao hakukuwa na kitu. Mtoto akabonyezwa vidole, wakapata kula. Mvua iliponyesha walirudi nyumbani, lakini vidole vilibaki kwenye kompyuta, na tangu hapo kila Ebla alipovigusisha kwenye mashine ya ofisini, mashine ilisema yeye ni mgeni. Duka liliandikishwa kwa jina la kaka yake. Daraja la Tana hakuwahi kulivuka, kwani upande wa pili askari huuliza kitambulisho. Abdihafid alikuwa ameahidi kumsemea, na kila alipokumbushwa alisema tutaona, akaomba chai iongezwe sukari.

Kufikia Alhamisi wasomaji wote walikuwa wamevurugika akili. Kwanza ilikuwa ni huo mpangilio. Kitabu cha nne kilisimulia yaliyotokea kabla ya cha kwanza, na Abdihafid, ambaye hakupenda kuchezewa, alikuwa ameanza kukisoma kutoka ukurasa wa mwisho ili asidanganywe. Lakini kilichowatibua hasa ni sura ya tano. Humo ukame unaingia kwenye Mwezi wa Tatu, ngamia wanakufa, na mama yake Iftin anambeba mwanawe mpaka kambi iliyoko sayari jirani, ile ile ya maadui. Anamfundisha aseme wametoka huko. Mtoto anabonyezwa vidole, wanakula.

Ruweyda, mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa amesoma vile vitatu vya kwanza mara nyingi kuliko mtu yeyote mjini, aliweka nakala yake mezani kama mtu anayerudisha kiatu kilichombana.

"Sasa kama Iftin ameandikishwa kule, kwa hiyo vita yote ya kitabu ya kwanza alikuwa anapigania nani?" alisema. "Mi sielewi, wallahi. Nimechanganyikiwa kabisa."

Wengine nao walitoa ya moyoni. Mmoja alidhani ni kosa la kiwanda cha kuchapisha, mwingine akadai sura hiyo ni ndoto na kwamba kitabu cha tano kitasema hivyo. Maka, muuza maziwa ambaye husomewa na binti yake, alisema yeye ameelewa yote na haoni tatizo liko wapi. Aliambiwa hakusomewa vizuri.

Jioni ile Iftin aliingia dukani akamnyooshea Ebla mikono. Ncha za vidole vyake zilikuwa na wino mweusi, ambao haukutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Alisema ulianza kujitokeza Jumatano, alipokuwa akifungua pampu, na pamoja nao alikumbuka mambo ambayo hakuwa nayo mwanzoni mwa wiki. Alikumbuka uji wa kambini ulionukia gunia. Alikumbuka jina la kijiji alilokaririshwa njiani, na jinsi alivyolirudia usingizini kwa hofu ya kulisahau.

Ebla alifunga mlango wa duka akakaa naye sakafuni. Hakuwahi kumwambia mtu kuhusu kile kijiji chake cha kukariri, maana mama yake alilia kila kilipotajwa. Sasa alikitaja, na Iftin akataja chake, wakacheka hadi wakafuta machozi. Ebla alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi tangu utotoni. Aliwaza pia kwamba mji mzima unampenda Iftin, na kama mji utamkubali na vidole vile, utakuwa hauna sababu ya kumkataa yeye.

Wiki iliyofuata wasomaji walimwita Iftin kikaoni wamhoji. Abdihafid alivaa koti. Alimuuliza majina ya mababu zake, na Iftin akayataja kumi na tano bila kuvuta pumzi, matatu ya mwisho yakiwa nyota. Wazee waliokuwepo walitikisa vichwa wakaridhika. Kisha Abdihafid akaomba kuona mikono.

"Mababu wako sawa," alisema. "Lakini kidole ni kidole. Kwa nini ulikubali?"

"Nilikuwa na njaa, adeer," alisema Iftin, akimwita ami kwa heshima.

"Hiyo njaa hatujakataa," alisema Abdihafid, na akatazama wenzake kuona kama yupo mwenye swali jingine.

Hakuwepo. Ruweyda alikuwa akilia kimyakimya. Walimpenda Iftin, na kadiri walivyomtazama akiwa amesimama pale na vidole vyeusi ndivyo walivyozidi kuona kwamba hana kosa. Mwenye kosa ni Salah. Wakampigia simu palepale, sauti ikawekwa juu ili wote wasikie. Salah aliwasikiliza, kisha akasema kwamba vitabu vyote vinne amevibuni kichwani mwake, isipokuwa sura ya tano peke yake. Hiyo hakuibuni, ni mambo yaliyompata dada yake. Abdihafid alimjibu kwamba hilo ndilo linalowachanganya wasomaji.

Salah alikataa kuigusa. Basi wakaacha kumpigia yeye, wakampigia mchapishaji. Waliandika kutoka Garissa, wakaandika kutoka Wajir na Hulugho, na shule mbili zikasema hazitanunua tena. Mchapishaji aliogopa. Kabla ya Ramadhani likaja toleo jipya ambalo baada ya sura ya nne lilikwenda moja kwa moja kwenye ya sita, na nakala za zamani zikakusanywa zikarudishwa Nairobi. Asubuhi ambayo Ebla alifungua katoni za toleo jipya, vidole vya Iftin vilikuwa safi.

Mbuzi akachinjwa. Abdihafid aliomba dua ndefu, akamshukuru Mungu kwa kuwapa wasomaji sauti moja. Ruweyda alisema sasa hadithi inaeleweka. Watu walipokwisha kula, Ebla alimfuata Abdihafid pale alipokuwa akinawa, akamnyooshea mikono yake, ambayo haikuwa na wino wowote wa kuonekana.

"Na mimi, adeer?"

Abdihafid alijifuta mikono taratibu. Hakuwa mtu mbaya, na swali lilimuuma.

"Wewe ni mtoto yetu, Ebla. Hata mtu wa barabara anajua," alisema. "Lakini hiyo ya Iftin ilikuwa na mwenyewe, tukampigia simu. Yako nani ameandika?"

Ebla alisema hajui. Abdihafid alisema hata yeye hajui, na kwamba tutaona.

Ebla alirudi dukani akamkuta Iftin akipanga vitabu vipya kwenye rafu. Alimweleza alivyojibiwa, kwa kifupi, kama unavyomweleza mtu aliyekuwa nawe safarini na hahitaji kuambiwa njia. Iftin aliacha kupanga. Alimshika bega, akamtazama kwa huruma ya kweli, na Ebla akaona kwamba haelewi.

"Pole, abaayo, dada yangu," Iftin alisema. "Lakini mama yako alikupeleka huko kufanya nini?"

Ebla aliketi akamsimulia tangu mwanzo: ng'ombe, Sangailu, mgongo wa mama yake, uji, kijiji cha kukariri. Iftin alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema inasikitisha sana, ila kuna mahali haieleweki, kwani mtu wa Sangailu ni mtu wa Sangailu, na angekuwa yeye, asingekubali kubonyezwa.