Moshi Mdomoni mwa Eloge

Wikendi yenyewe ilikuwa fupi: kuondoka Ijumaa, kurudi Jumatatu, katika mji wa Montreal kule Kanada, mwezi wa pili, wakati ambao maji ya kule yanakuwa magumu kama simenti. Sisi tulikuwa Swima, huku Kongo, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, tukifukuza nzi na kutokwa na jasho. Hakuna aliyeona ajabu kwamba sisi ndio tuliokaa kuipanga.

Msafiri alikuwa Tantine Renilde, shangazi yangu, dada ya Papa, baba yangu. Aliondoka hapa akiwa mkimbizi, akapewa makao katika mji mdogo wa Kanada, na baada ya kuishi huko peke yake kwa miaka mingi alipata mtu. Mtu huyo aliitwa Eloge, mzaliwa wa Lweba, kijiji jirani na chetu kando ya ziwa hili, aliyeondoka akiwa mdogo. Sasa Eloge alitaka kumpeleka Montreal aonwe na Anastasie, dada yake mkubwa aliyemlea. Kwetu, mwanaume akikupeleka kwa dada aliyemlea, hayo si matembezi tena. Tantine alijua hivyo, ndiyo maana alituma ujumbe wa sauti: "Mama, mi sipande bisi kama we haujasema ndiyo."

Mama huyo ni bibi yangu, Koko Suzanne. Aliusikiliza ujumbe huo, akausikiliza tena, kisha akaunda tume. Mwenyekiti, yeye mwenyewe. Mjumbe, Papa Sixte, mvuvi mwenye motoboti na maneno machache. Katibu, mimi Bienfait, kwa sifa moja tu: simu ilikuwa yangu. Bienfait maana yake ni tendo jema, na walimu wangu wa shule ya bweni wana maoni yao juu ya hilo, lakini tume haikuwauliza.

"Ijumaa," nikasoma kwa sauti ya mahakama. "Bisi, masaa tano."

"Bisi inajaa bantu?" Koko akauliza.

"Inajaa watu, Koko."

"Vizuri. Endelea."

"Jumamosi asubuhi, kusalimia Anastasie. Mchana, kunywa chokoleti ya moto. Jioni, kutembea juu ya ziwa."

Papa alikuwa anashona wavu. Akainua kichwa.

"Juu ya ziwa namna gani? Na motoboti?"

"Na miguu, Papa. Maji yanagandaka. Wanavaa viatu vya chuma, wanateleza."

Papa aliliangalia ziwa letu, lililokuwa linapiga mchanga chini ya uwanja kama kawaida yake, kisha akaniangalia mimi. "Mi niko juu ya maji tangu ningali mutoto. Nilisikia Mumoja tu aliyetembea vile, na mwanafunzi wake alipojaribu, akaanza kuzama."

"Andika," Koko akasema. "Tutauliza. Na usiku Renilde analala wapi?"

"Kwa Anastasie."

"Na Eloge?"

"Kwa Anastasie pia. Kwenye salon, penye wanapokea wageni."

"Mulango wa salon iko na funguo?"

Hilo nalo likaandikwa. Likaja suala la kazi. Nikaeleza kwamba Eloge anaendesha gari la kuondoa theluji barabarani.

"Anafagia mvua," Papa akasema. "Na mvua ikiisha?"

Hata hivyo mambo yalikuwa yanakwenda. Mimi ninamjua Koko: akiuliza sana, yuko karibu kukubali. Akinyamaza ndipo uogope. Kisha Tantine akafanya kosa la kuwa na adabu. Alituma video, ili Eloge amsalimie mama mkwe.

Eloge alikuwa amesimama kando ya barabara nyeupe, kofia mpaka kwenye nyusi, mikono mfukoni. "Mama Suzanne," alisema, "ninawasalimia kwa heshima kubwa." Kila neno lilitoka mdomoni mwake na moshi. Alipocheka, lilitoka wingu zima.

"Simamisha," Koko akasema.

Nikasimamisha. Aliisogeza simu mpaka karibu na pua, kana kwamba angeweza kunusa.

"Anavutaka," akasema, akanyamaza.

Kwa haki ya mwenyekiti, lazima nieleze. Kanisani kwetu mvutaji haingii hata kwaya. Lakini kuna zaidi. Mchumba wa kwanza wa Tantine, hapa hapa Swima, alikaa benchi la mbele kanisani mwaka mzima, sigara ndani ya soksi. Siku Koko alipouona moshi nyuma ya choo alisema huyu ana mengine. Tantine hakumsikiliza. Hayo mengine yalikuwa mke na watoto wawili kule Ubwari. Tangu hapo Koko anaamini kwamba uongo wa mwanaume una ngazi, na moshi ndiyo hatua ya kwanza.

"Koko, sigara iko wapi?" nikauliza. "Mikono iko mufukoni."

"Njo maana iko mufukoni."

"Ni baridi tu. Kule mulimani, shuleni kwetu, asubuhi pumzi inatokaka hivyo hivyo."

Wote wawili wakaniangalia, na nikajua wanafikiria nini. Nilikuwa nyumbani katikati ya masomo kwa sababu, asubuhi moja ya ukungu, niliwapanga wenzangu nyuma ya jengo la kulia chakula, kila mmoja na kipande cha chaki kati ya vidole viwili, tukapuliza pumzi zetu kuelekea dirisha la mkuu wa nidhamu. Ilikuwa kazi safi. Mkuu wa nidhamu aliipokea vibaya. Nilipofika nyumbani nilieleza chaki, nikaeleza baridi, na Koko akanipaka mafuta kichwani akaikemea roho ya tumbako mpaka majirani wakaja kuitikia amina.

"Muvutaji anamutetea muvutaji," Koko akasema. "Mwambie Renilde asiende."

Tantine alijibu kwa ujumbe mrefu juu ya baridi. Koko aliusikiliza hadi mwisho. "Hata ule wa kwanza alisemaka ni moshi ya makala ya jikoni," akasema, akaenda kuchambua maharage.

Kisha ukaja ujumbe mwingine, wa kwangu peke yangu. "Bienfait, sasa mi namwambia Eloge nini? Nikisema Mama amekataa safari, atajua amekataliwa yeye. Na kwenda na roho ya Mama iko nzito, siwezi. Nilifanya vile mara moja, unajua ilinifikisha wapi." Ikafuata sauti ya mtu anayevuta kamasi. Mimi nina mizaha mingi, lakini kamasi ya mtu mzima siwezi kuichezea.

Nilitafuta video za miji ya baridi nikamwonyesha Koko. Moshi ulimtoka polisi, ukamtoka mama mwenye mtoto mgongoni, ukamtoka mbwa.

"Hata imbwa inavutaka, Koko?"

"We njo unajuaka kutengeneza mavideo," akasema, bila kuacha maharage yake.

Papa ndiye aliyenipa jibu, naye hakujua. Asubuhi iliyofuata alikuwa anafunga sangala za kumpelekea Mama Vanessa, mfanyabiashara wa mji wa Baraka mwenye chumba cha kugandisha samaki, kile ambacho kila mtu anakiita chambre froide. Nilimwangalia Papa akipanga samaki, nikaenda kusimama mbele ya Koko kama mshtakiwa.

"Koko, twende Baraka. Ukiingia kwa Mama Vanessa na mudomo yako isitoe moshi, niite muvutaji mpaka siku nitakapooa."

Alikubali haraka mno. Nikaelewa kwamba haendi kuona baridi, anakwenda kunikamata. Kabla hatujapanda pikipiki alinipekua mifuko yote, akapata kipande cha chaki.

"Na hii?"

"Ya masomo, Koko."

Akakifunga kwenye pindo la kitenge chake, kiwe ushahidi.

Mama Vanessa alikuwa amekaa mlangoni mwa chambre froide, katika jua la Baraka, amevaa koti zito la sufu. Koko aliliona koti hilo, akasita kidogo. Tukaingia, Koko, Papa na mimi, mlango ukafungwa nyuma yetu. Kulikuwa na taa moja na makreti ya samaki, mikeke na sangala, hadi juu. Koko alikuwa amebana midomo kabisa.

"Pumua, Koko."

Akatikisa kichwa.

Papa akapumua kwanza. Moshi ukamtoka, Papa ambaye hajawahi kushika sigara hata ya kumwashia mtu. Koko akausogelea, akaunusa.

"Haina harufu," akasema, na kwa kusema hivyo moshi ukamtoka yeye mwenyewe.

Akaziba mdomo kwa kiganja. Moshi ukapita kati ya vidole. Akaangalia juu, kwenye mashine. "Vanessa anatutupia."

"Mama, mashine iko kule," Papa akasema. "Mudomo yako iko hapa."

Koko akatafakari. Kisha, polepole, kama mtu anayeonja chumvi, akasema: "Yesu."

Wingu dogo jeupe likatoka, likaelea mbele ya uso wake, likapotea. Akalirudia jina hilo. Wingu likarudi.

"Jina hii haiwezi kutoka na tumbako," akasema.

Hapo kesi ikaisha. Nilimwomba aseme neno kwa Tantine pale pale. Nikapiga video. Koko alijinyoosha, akasema: "Renilde, mutoto wangu, nimeona. Uende. Umusalimie huyo Anastasie, ulale karibu yake. Na usitembee juu ya ziwa." Moshi ulimzunguka kama garimoshi. Nilipiga uso tu, kwa karibu sana. Samaki hawakuonekana, wala kreti, wala ukuta. Mpiga picha naye ana uhuru wake.

Jioni tulikuwa Swima tunakula ugali. Tantine alikuwa ameshatuma ujumbe wa kicheko na machozi. Sasa ukaja mwingine, na sauti ilikuwa imebadilika.

"Mama, kuna shida. Eloge alimutumia Anastasie ile video yenu. Anastasie anasema tusije kwanza. Musikilize yeye mwenyewe."

Ikafuata sauti ya mwanamke, nzito, isiyo na haraka: "Eloge, mi nilizaliwa Lweba. Kule usiku muntu analala bila shati. Baridi ya kutoa moshi mudomoni haijafikaka kule. Sasa ule mama anavutaka nini? Na kama mama anavuta mbele ya kamera bila haya, mutoto wake je?"

Papa aliuinua wavu akajifunika uso, mabega yakitikisika. Mimi nilipima umbali kati yangu na mlango. Koko alinitazama, na nadhani ndipo alipowakumbuka samaki ambao hawakuonekana.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza mahubiri mazuri.

"Huyu njo muntu," akasema hatimaye. "Anaangalia, anauliza. Nyumba iko na mwanamuke kama huyu, mwanaume hawezi kuficha kitu mu soksi." Akanyoosha mkono. "Leta simu. Kesho tunarudi kwa Vanessa, unapiga na samaki yote, na mizani, na Vanessa na koti yake."

Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Anastasie, mi Suzanne. Ulifanya vizuri kuuliza. Nilikuwa ndani ya chambre froide, na mutoto wa hapa ni mubaya, kesho utaona. Sasa na mi nikuulize. Ile mulango ya salon, penye Eloge atalala: funguo inabaki na nani?"

Tukangoja. Jibu lilikuja ugali ukiwa bado na joto.

"Na mi, Mama. Chini ya muto yangu."

Koko akanirudishia simu, akanawa mikono. "Mwambie Renilde asiende mikono mitupu kwa ule mama," akasema. "Abebe kitenge."

Chaki yangu, hadi leo, hajanirudishia.