Viatu Alivyovikataa Jicho

Kiwandani walimwita Jicho, na si kwa kejeli. Kazi yake ilikuwa kukagua viatu kabla havijaingia kwenye maboksi. Alikunja soli, akabonyeza ukingo kwa kidole gumba. Gundi ikiachia hata kidogo, kiatu kilikwenda kapuni. Mafundi walimnunia, kisha walirekebisha. Mama yake naye alitangaza mtaa mzima kwamba viatu vya kiwanda kile havitoki bila ruhusa ya mwanawe, mpaka majirani wakachoka kusikia.

Jioni moja alisahau mwavuli, akarudi ndani. Akamkuta msimamizi ameliinamia lile kapu, anavifuta viatu vilivyokataliwa na kuvipanga kwenye maboksi, huku anapiga mluzi.

"Bosi, hivyo si nimevikataa?"

"Umevikataa, ndiyo. Kazi yako umeifanya. Niache na mimi nifanye yangu."

"Sasa mimi niko hapa kwa ajili ya nini?"

"Wateja wakubwa wanapenda kusikia tuna mkaguzi." Akacheka. "Usijipe presha, kaka. Nani atakuja kukuuliza?"

Kwa siku chache Jicho aliendelea kukataa viatu kwa ubishi tu. Halafu mikono ikalegea yenyewe. Akawa anavisukuma mbele bila kuvikunja, anapiga soga, anachungulia saa. Wale wanaolalamika kwamba watu wa siku hizi hawana moyo wa kazi wangemwona hapo, wangemsema vibaya sana. Ule moyo ulipokuwa unavunjwa, hawakuwepo.

Mwisho wa mwezi msimamizi alimpa mkono mbele ya wenzake. "Huyu sasa ameiva!" Wakapiga makofi. Jicho aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni, lakini alitabasamu, maana kazi nyingine angeipata wapi?

Jumapili akaenda kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hebu nitazame!"

Alikuwa amevaa viatu vipya, vya kiwandani kwao.

"Muuzaji kanisukumizia vingine, nikamwambia koma, mimi nina mtu wangu kule. Na hili goti langu bovu, kesho nakwenda navyo kliniki kwa miguu. Hivi umevipitisha wewe mwenyewe?"

Jicho alivitazama. Vilikuwa vinang'aa. Hakuwa na namna ya kujua.

"Ndiyo, mama. Mimi mwenyewe."

"Si nilijua!" Mama akajishika kiuno, akazunguka chumba kwa maringo. "Mwanangu hana kazi ya ovyo."

"Ila kesho usitembee, mama," alisema Jicho. "Panda gari."