Mwalimu Geng Leo Haumwi

Kila Alhamisi, kipindi cha michezo, Mwalimu Shao wa hesabu aliingia na rundo la karatasi na kutangaza, "Mwalimu Geng anaumwa. Tutafanya hesabu." Mwaka mzima mwalimu wa michezo aliumwa Alhamisi tu, na saa sita mchana mgonjwa huyo alionekana kantini akimaliza bakuli la pili la tambi.

Wanafunzi wenzake wakiguna, Wenjing alishusha pumzi. Tangu alipoanguka mwaka uliotangulia mbele ya darasa zima, mzunguko wa pili wa mbio za mita mia nane, alizikwepa. Lakini mbio hizo zina alama katika mtihani wa kuingia sekondari ya juu, na zilibaki wiki tatu. Akizikosa alama hizo, Shule Namba Moja, iliyo bora mjini, ataisikia kwa jirani. Hofu ilimwamsha kabla ya jogoo.

Alhamisi hiyo Mwalimu Geng alisimama mlangoni, kitambi mbele, filimbi shingoni.

"Mwalimu Shao, samahani. Leo siumwi."

Darasa zima liliangua kicheko, isipokuwa Wenjing.

"Mwalimu, mimi sina pumzi," alimwambia uwanjani. "Nitaanguka tena, wanicheke."

"Wakucheke wewe, na tumbo hili lipo? Twende wote. Mwendo wa kupiga soga."

Mzunguko wa kwanza mwalimu alimsimulia jinsi mkewe anavyomficha nyama ya nguruwe. Wa pili, palepale alipoangukia Wenjing, mwalimu ndiye aliyeinama, mikono magotini.

"Usinisubiri, mwanangu! Kimbia!"

Alikimbia, machozi na kamasi vikimtoka, akamaliza. Dakika nne na sekunde sita.

"Bado sekunde ishirini upate alama zote," mwalimu alisema akihema. "Tutazipunguza. Alhamisi ijayo."

Alhamisi ikafika, na Mwalimu Shao akaingia na karatasi zake. "Mwalimu Geng anaumwa."

Wenjing aliweka kalamu chini. Je, safari hii ni kweli? Alimkumbuka Mwalimu Geng alivyoinama akihema. Akachungulia dirishani: mwalimu alikuwa uwanjani peke yake, kwenye mstari wa kuanzia, akiyatazama madarasa.

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumkatiza Mwalimu Shao. Wenjing alisimama.

"Naomba ruhusa, mwalimu."

"Ya kwenda wapi?"

"Kumjulia hali mgonjwa."