Picha Zilizokuwa Ndani ya Kontena

Kabla kaka yake hajaoa, binti huyu ndiye peke yake aliyeishika tovuti ya studio ya picha ya mjomba wao. Wateja walipakia humo picha za kusafishwa, na kila alipotaka kuirekebisha aliifunga asubuhi nzima, akajichimbia chumba cha nyuma kwenye seva mbili zinazovuma. Mjomba alimwita Fundi Mkuu, naye hakukataa.

Kisha akaja wifi yake. Aliifungasha programu ya tovuti pamoja na kila inachohitaji ndani ya kontena moja, kifurushi cha kidijitali kinachojitegemea, akaipandisha kwenye seva zilezile, na toleo hilo jipya likachukua nafasi ya la zamani bila mteja kujua.

"Haifungwi tena?" mjomba aliuliza.

"Haifungwi, mjomba," wifi alijibu.

Mjomba alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Fundi Mkuu naye alicheka, ila roho ilimuuma. Nyumbani aliiacha chai ikapoa, kaka mtu akimsifia mkewe.

Siku ya toleo lililofuata, alipekua mipangilio ya wifi akitafuta kasoro, akaipata. Picha za wateja zilihifadhiwa ndani ya kontena lenyewe, si kwenye diski ya seva. Toleo jipya likiingia, kontena la zamani lingefutwa, nazo zingekwenda.

"Wifi, kuna kitu umeona?" mke wa kaka aliuliza, kidole juu ya kitufe cha kupandisha toleo.

"Hakuna. Endelea."

Tovuti haikuyumba. Picha ndizo hazikuwepo.

Fundi Mkuu alingoja wifi ajitetee. Wifi alikwenda kaunta, mbele ya wapiga picha wote, akasema, "Mjomba, nimepoteza picha za wateja. Kosa ni langu."

Mjomba alishusha pumzi. "Afadhali umesema mwenyewe. Wapigieni watume tena."

Hilo lilimchoma Fundi Mkuu kuliko sifa zote. Yaani hata akikosea anapendwa!

Walikaa bega kwa bega wakipiga simu. Wengi walikubali kutuma upya. Mama mmoja alimuuliza Fundi Mkuu, kwa upole, kama ile ya marehemu mumewe ndiyo basi tena, maana simu aliyoitumia ilishaharibika. Fundi Mkuu alimwomba radhi, akakata, akashindwa kupiga nyingine.

"Niliona," alisema.

"Uliona nini?"

"Kwamba picha ziko ndani. Kabla hujabonyeza."

Wifi alimgeukia taratibu. "Nimekunyang'anya nini, wifi?"

Fundi Mkuu akaiweka simu mezani.

"Kwa mjomba utakwenda mwenyewe," wifi alisema, sauti imekauka. "Lakini kwanza nionyeshe ulipoona."

Alimwonyesha. Wifi akaandika mistari michache, safi, picha zikapata makao kwenye diski, nje ya kontena. Fundi Mkuu alivitazama vile vidole vyepesi, na aibu yote ile ikiwa usoni, kijiba cha roho kikamkaba tena. Hata hivyo akainuka, akaenda kumtafuta mjomba ili akiri.