Bomba la Juu ya Tanuri

Kama kulikuwa na kitu Sakerbanu alichokitaka kabla ya Jumamosi, kilikuwa ni neno moja kutoka kwa Taslim. Neno lolote, hata tusi angelipokea. Jumamosi mwanawe Murtaza angekuja na gari kutoka Mbeya amchukue akaishi naye, na nyumba hii ya Iringa mjini ingepangishwa kwa watu wasiojua hata kwamba zamani ilikuwa bekari.

Taslim alikuwa mke wa shemeji yake, na alikaa ukuta wa pili. Nyumba ilikuwa moja yenye nusu mbili, mlango wa Sakerbanu ukitazama sokoni na wa Taslim ukitazama mtaa wa nyuma. Katikati palikuwa na tanuri la mkate. Waume zao, Abdeali na mdogo wake Kurban, waliona uchungu kuacha joto lote lile lipotee bure wakati baridi ya Juni inagandisha mafuta ya nazi chupani. Wakaunda bomba la bati, pana kiasi cha kupitisha kichwa cha mtu, likachukua joto juu ya tanuri na kulipeleka kwenye vyumba vya kulala, mkono mmoja huku na mwingine kule, kila mkono ukiishia kwenye tundu lenye wavu karibu na dari. Wanaume walitaka joto. Wanawake wakapata simu ya bure.

"Bhabhi, umeamka?" Taslim angeuliza kila alfajiri, maana ndivyo kwao mke wa mdogo anavyomwita mke wa kaka mtu.

"Nimeamka. Baridi gani hii!"

Hapo zingeanza habari za mji mzima: nani kaposwa, nani kafunga duka kahamia Dar, maziwa ya Zabron yametiwa maji tena. Waume wakinung'unika kwamba nyumba hii haina siri, wake wanazidi kucheka.

Kisha Abdeali akafa. Mwaka uliofuata akafa Kurban, na tanuri likazimwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwokaji. Siku ya arobaini yake Taslim alikuwa ndani ya eda, hatoki, hapokei wanaume, lakini pilau ya mumewe alikataa isipikwe na mtu mwingine. Akaipika mwenyewe, na kachumbari ya nyanya za Ilula pembeni. Sakerbanu, ambaye mdomo wake umezoea kutangulia akili, akaonja na kusema mbele ya wanawake wote: "Pilau nzuri, ila chumvi mmeinyima."

Wengine walicheka. Taslim hakucheka.

Watu hugombana kwa mashamba, kwa wanaume, hata kwa kuku. Hawa wawili waligombana kwa chumvi. Na hata hapo pangeweza kuponyeka, kwa sababu siku chache baadaye, alfajiri, Sakerbanu alisimama kitandani akaweka mdomo kwenye wavu. "Taslim, nisamehe. Ulimi hauna mfupa." Kimya. Kesho yake akarudia. Kimya. Wiki nzima aliomba radhi kwenye bati, na bati halikumjibu. Basi naye akavimba. Kama hutaki, usitake! Eda ilipokwisha wakakutana msikitini, wakapeana salamu za kupita, kila mmoja akitazama viatu vya mwenzake. Miaka ikaenda hivyo, na hakuna asubuhi hata moja ambayo Sakerbanu aliamka bila kulitazama lile tundu kwanza. Alimkumbuka Taslim kuliko alivyomkumbuka marehemu mumewe, na hilo halikuwa jambo la kumwambia mtu.

Jumatano akaja Eveline, mama wa makamo kutoka Iyunga kule Mbeya, anayesafisha mabomba ya hewa kwenye mahoteli. Murtaza ndiye aliyemtuma. Mpangaji mtarajiwa alikuwa na mtoto mwenye pumu, na nyumba ilinuka ukungu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Limashine lote hilo ni la kupigana na vumbi?"

"Vumbi la nyumba za zamani ni sugu, bibi. Tundu jingine liko wapi? Nisipolifunika, uchafu wote utamwagikia huko."

Sakerbanu aliutazama ukuta. "Kwa jirani," alisema. "Ila usiseme nimekutuma mimi."

Eveline aliporudi alikuwa na mshangao usoni. "Mwenye nyumba kaenda sokoni, dada wa kazi ndiye kanifungulia. Nimefunika na shuka. Lakini bibi, chini ya lile tundu kuna kiti. Nimetaka kukisogeza, dada akaniambia kisiguswe, bibi yake hukalia kila asubuhi."

"Labda anaota jua."

"Jua gani, bibi? Ile kona haina hata dirisha."

Sakerbanu akajifanya ana kazi ya kukunja vitenge.

Mashine ikaanza kuunguruma. Eveline akapanda ngazi, akasukuma brashi yake ndefu ndani ya bomba, ikaenda vizuri, halafu katikati, juu ya tanuri, ikagoma. Akaivuta, akaingiza ndoano, akachokonoa mpaka jasho likamtoka katika baridi ile. Kikaanguka kitu sakafuni kwa kishindo: bonge la kijivu, gumu kama ukoko wa sufuria. Kikafuata kingine, na kingine.

Sakerbanu aliokota kipande akakinusa. Chini ya harufu ya ukungu alitambua unga wa ngano. Ulikuwa unga wa miaka yote ile ya mikate, ulioganda ndani ya bati.

"Moto ulipokuwepo ulikuwa unaukausha," Eveline alieleza, akijifuta uso. "Tanuri likazimwa, masika yakaingia kwa juu, ukageuka donge ukakauka hivyo. Hapa hewa haikupita, bibi. Huo ukungu ndio mmekuwa mkiuvuta, ndio maana unakohoa."

"Na sauti?"

"Sauti?" Eveline alicheka. "Hata ungepiga kelele."

Sakerbanu akakaa kitandani. Kumbe Taslim hakumnunia. Kumbe hakusikia hata neno moja. Moyo ulimwambia atoke saa ile ile, azunguke kona, agonge. Miguu ikakataa. Baada ya miaka yote hii unaanzia wapi? Unamwambia mtu nini? Eveline alipokwisha kuitoa shuka kule kwa jirani, akamlipa, akamshukuru, akabaki na chumba chenye hewa safi na usingizi usiokuja.

Alfajiri ya Alhamisi upepo mwepesi ulishuka kutoka tunduni, bila harufu. Kisha akasikia kiti kikilia, mtu mzito akikikalia. Akasikia kikohozi, kile kile chake mwenyewe. Halafu sauti, imezeeka kidogo, imekwaruza.

"Bhabhi, umeamka? Leo baridi imezidi, vaa soksi mbili. Jana nimenunua maziwa, bado yana maji." Kikombe kikagonga kisahani. "Wananiambia Jumamosi unakwenda Mbeya. Na huko ni baridi, usidhani. Haya. Najua hujibu. Nimeshazoea. Nimeona tu nisikuache uondoke bila kukuambia uchukue soksi."

Sakerbanu alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono, machozi yakimpita vidoleni. Kila asubuhi! Kila asubuhi alikuwa akiitwa, na yeye amelala hapa akihesabu ubaya wa mtu. Akasimama juu ya kitanda, akashika wavu.

"Taslim," alisema. "Ile pilau ilikuwa na chumvi ya kutosha."

Kule kiti kilianguka. Kimya kilikuwa kirefu mpaka akaogopa kwamba bomba limeziba tena.

"Mwongo," sauti ilijibu. "Haikuwa na chumvi hata punje. Nilisahau kuitia. Nilikuwa namlilia Kurban." Ikapumua. "Njoo, Bhabhi. Chai ipo."

Sakerbanu alitoka na soksi mguu mmoja. Alizunguka kona ya nyumba yake mwenyewe, akaingia mtaa wa nyuma, akafika mlango wa Taslim. Taslim alikuwa bado hajamaliza kumimina kikombe.