Vigoda vya Banda la Mitungi

Nchi ya Tausi haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asianze kutazama pembeni kana kwamba anamjua mtu wa huko. Wanyama wa huko waliunda magari yasiyokunywa mafuta. Yalikwenda kwa nguvu ya radi, iliyovunwa mlimani na kufungiwa mitungini, na Mfalme Tausi alikuwa ameahidi kila kaya gari lake. Miaka minane raia walipiga vigelegele. Halafu nchi jirani ikaanza kuuza magari ya radi kwa nusu bei, na yale ya Tausi yakabaki uwanjani mpaka majani yakaota chini yake.

Ngiri alikuwa msimamizi wa banda la mitungi. Wafanyakazi wake arobaini aliwajua kwa majina, na alijua nani ana mgonjwa nyumbani na nani anakaribia kujifungua.

Huko hakuna aliyefukuzwa kwa mdomo. Ukifika kazini asubuhi ukakuta mkubwa wako amekipindua kigoda chako, miguu juu, basi ndiyo kwaheri. Lakini sheria ya mababu ilikuwa na huruma kidogo: aliyepinduliwa kigoda aliachiwa nyumba ya kazini mpaka mvua zikatike. Na mvua zilikuwa zimeanza juzi tu.

Wasimamizi waliitwa barazani. Tausi aliutandaza mkia wake wote, kisha akasema kwa majonzi kwamba kila banda lipindue nusu ya vigoda vyake.

"Inaniuma kuliko itakavyowauma wao," alisema, na baraza zima likatikisa kichwa kwa huzuni.

Hapo Heroe, mtunza hazina, alisimama, akakipindua kigoda chake mwenyewe. Alisema amewakumbuka sana watoto wake. Alipigiwa ngoma, akavishwa joho, akaondoka ndani ya gari jipya. Siku mbili baadaye Korongo, mchoraji mkuu wa magari, naye akawakumbuka watoto wake. Kufikia mwisho wa juma wakubwa wanne kati ya saba walikuwa wamezidiwa na mapenzi ya familia.

Ngiri alikuwa hajapindua hata kimoja. Kila alipokishika kigoda cha mtu, mkono ulikataa. Akamwendea Mbweha, waziri mkuu.

"Mheshimiwa, hawa wanaojipindulia wenyewe wanaondoka vizuri sana."

"Kwa heshima zote, Mama Ngiri. Ndivyo sheria inavyosema."

"Na sisi wa chini, tukifanya hivyo?"

Mbweha alimtazama kwa upole. "Sheria haibagui."

Maskini, alirudi bandani karibu anakimbia. Aliwakusanya wote, akawaeleza kwamba hakuna haja ya mtu kutolewa kama takataka. Anayetaka kuondoka kichwa juu akipindue kigoda chake mwenyewe, atapewa heshima zilezile.

"Una hakika, Mama?" aliuliza Fuko, aliyekuwa mzee kuliko wote hapo.

"Mzee Fuko, nimewahi kukudanganya?"

"Hapana," alisema Fuko, akainama, akakipindua chake. Wa pili akafuata, kisha wa tatu. Waliobaki walisema hawawezi kuwaacha wenzao waende peke yao. Vigoda vyote arobaini vikawa miguu juu.

Kabla ya adhuhuri Mbweha alifika na walinzi. Aliisoma sheria mpaka mwisho, mahali ambapo Ngiri hakuwahi kufika: aliyejipindulia ameacha kazi kwa hiari yake, na nyumba huirudisha siku hiyohiyo. Wakubwa hawakuijali sehemu hiyo, maana walikuwa na majumba kwao.

"Na joho?" Fuko aliuliza.

"Joho ni la wajumbe wa baraza, mzee wangu."

Walitoka na sufuria, magodoro na watoto, wakaingia kwenye mvua. Hakuna aliyemtukana Ngiri. Mmoja alimwomba radhi kwa kuuacha mlango wa banda wazi. Ngiri alitamani wangempiga mawe.

Jioni aliitwa barazani. Tausi alikuwa na furaha. Banda zima limejimaliza lenyewe, bila kelele na bila nyumba hata moja kukaliwa bure. Nani atatengeneza mitungi kesho, hakuna aliyeuliza.

"Mama Ngiri, una kipaji," alisema Mfalme. "Kesho nenda banda la magurudumu. Wako sitini na wawili. Waeleze vilevile ulivyowaeleza wako. Nasikia huko pia wanakuamini."

Ngiri alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nje mvua ilikuwa imeshika kasi, na nyumba walimolala wanawe watano ilikuwa ya kazini pia.

"Nitakwenda, Mtukufu," alisema, kisha akauliza wakusanyike saa ngapi.