Ufunguo wa Nati za Marhun

Mume wangu Marhun ana wivu, lakini si juu yangu. Wivu wake ni wa magurudumu ya gari. Tangu jirani yetu hapa Ibra aende Maskati akalikuta gari lake limekalishwa juu ya matofali, magurudumu yote manne yamebebwa, Marhun hana raha. Akanunua nati za kufuli. Kila gurudumu akalitia nati moja isiyofunguka kwa spana yoyote ila kwa ufunguo wake, kichuma kifupi mfano wa kikombe cha kahawa.

"Mama Shatha, nitunzie hichi," akanambia. "Kisikae garini. Mwizi akikikuta humo, tumekwisha."

Basi mie tena! Sisi tuliolelewa Unguja kuficha tumefundishwa. Nikakitia kwenye pipa la mchele, nikaona hapafai. Nikakitia kabatini, nikaona hapafai. Mwisho nikakiweka pahala ambapo mwizi akifika angesoma Kulhuwallahu akarudi kinyumenyume. Na mie mwenyewe nikapasahau.

Asubuhi moja ikaja simu kutoka Jalan Bani Bu Ali. Bi Thuraya amefariki, maziko baada ya alasiri. Bi Thuraya hakunizaa, lakini ndiye aliyenilea na kunifunda, Unguja mpaka huku. Alipotoka Hija alinikabidhi sanda yake aliyoinunua Makka. "Iweke kashani," akanambia. "Siku yangu ikifika, uje unioshe na kunivisha wewe, mwanangu. Asinivishe mtu baki." Nikamwahidi.

Nikalitoa fuko la sanda kashani kama lilivyo, nikalipakata, tukaondoka.

Tulipoipita Bidiya, gurudumu la nyuma likaisha pumzi. Marhun akatia jeki, akafungua nati moja moja mpaka ikabaki ile ya kufuli.

"Lete ufunguo."

"Uko nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Sikumbuki."

Nikampigia binti yetu, Shatha. Akapekua pipa, kabati, mpaka ndani ya jiko. Hakuna kitu.

"Umeficha mpaka umejiibia mwenyewe!" Marhun akafoka.

"Na nani aliyesema kisikae garini? Mie?"

Jua lilikuwa limeshapanda, na moyo wangu uko Jalan. Ikasimama pikapu iliyopakia majani ya mbuzi. Mzee wa Kibedui akatwambia tupande, anapita huko huko. Marhun kasimama tu, mkono juu ya gari.

"Niliache peke yake njiani? Na magurudumu mapya haya?"

"Marhun," nikamwambia, "mama anangoja maji."

Akalitazama gari, akanitazama mie na fuko langu. Akapanda. Nilimpenda saa ile, wallahi, ila sikumwambia, asije akavimba kichwa.

Tukawahi. Maji yalikuwa tayari, na wanawake wa pale wakanipisha nikakaa upande wa kichwani. Nikamwosha mama polepole, nikimsemesha kwa sauti ndogo kama alivyokuwa akinisemesha mie akinikogesha utotoni. Tulipomfuta, nikafungua fuko, nikaikunjua sanda.

Kitu kikaanguka sakafuni, ngo!

Ufunguo wa nati.

Wanawake wakatazamana. Lahaula! Safari nzima nilikuwa nimeupakata. Kicheko kikanitoka, astaghfirullah, mbele ya maiti, na kabla hakijesha kikageuka kilio ambacho tangu asubuhi kilikuwa hakijanitoka. Kwani hapo ndipo nilipokumbuka siku ile mbele ya kasha, nilivyojisemea kwamba humu hamfunguliwi. Niliuficha ufunguo kwenye sanda ya mama kwa kuwa moyoni mwangu Bi Thuraya hatokufa kamwe.

Nikajifuta uso, nikamvisha kwa mikono yangu miwili, kama nilivyomwahidi. Udi wake ulikuwa bado unanukia kwenye kitambaa.

Kisha nikenda mlangoni, nikamwita Marhun, nikampitishia kile kichuma nyuma ya pazia.

"Umekipata wapi?"

"Ndani ya sanda."

Nilingoja anifokee, na ningemjibu. Hakunifokea. Aliishika mikono yangu kwa chini ya pazia, ikiwa bado imerowa, akakaa nayo kidogo. Halafu akakitia kichuma mfukoni, akenda na wenzake kubeba jeneza.